Rubani wa Malindi na Somo la Usimamizi wa Maarifa

Hapa Australia, mtu mwenye shahada anayefanya kazi ya biashara anaweza kurudi chuoni kwa miezi sita hadi mwaka mmoja ili apate cheti cha juu. Moja ya masomo ya namna hiyo ni usimamizi wa maarifa. Jina ni zito, lakini swali lake ni jepesi: kampuni inajua nini, nani hasa anayekijua, na mtu huyo akiondoka kitabaki nini? Shirika la Standards Australia lilitoa kitabu cha mwongozo kuhusu jambo hili mwaka 2001, kisha kiwango kamili mwaka 2005. Kiwango cha kimataifa, ISO 30401, kilifuata mwaka 2018.

Ukitazama tarehe hizo utadhani somo ni la juzi. Sisi tunaoishi Guildford, tuliorithi Kiswahili kwa wazazi, tunaona kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilishatoa mfano wake zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Malindi na merikebu zake. Alitaka kwenda India, lakini hakuijua njia. Mfalme wa Malindi alikuwa ameahidi kumpa rubani. Rubani alipochelewa, da Gama alimzuia mtumishi mmoja wa mfalme, na rubani akaletwa mara moja. Waliondoka Aprili 24, upepo wa kusi ukianza. Mei 20 wakatia nanga karibu na Calicut. Bahari ambayo Wareno hawajawahi kuivuka waliivuka kwa chini ya mwezi mmoja.

Safari ya kurudi ilikuwa nyingine kabisa. Mwanzoni mwa Oktoba waliondoka pwani ya India kwa haraka, wakihofia kushambuliwa, kabla kaskazi haijashika. Kila baharia wa Malindi alijua kwamba kaskazi ndiyo upepo wa kurudia Afrika, na kwamba husubiriwa. Wareno walikaa baharini karibu miezi mitatu, mara upepo umekufa, mara unawapinga. Watu 30 walikufa katika mvuko huo, wengi kwa kiseyeye. Januari 1499 waliiona Mogadishu, wakafika Malindi, na baadaye wakaichoma moto merikebu ya São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuziendesha zote.

Bahari ilikuwa ile ile na nahodha mkuu yule yule. Tofauti ilikuwa kwamba wakati wa kwenda, safari ilifuata maarifa ya watu wa bahari ile; wakati wa kurudi, ilifuata amri ya mtu asiyeyajua majira yake. Kumpata mjuzi kwa safari moja hakukuwafanya Wareno kuwa wajuzi. Waliazima maarifa, hawakujifunza.

Mwaka 1995 Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walichapisha kitabu kinachosomwa sana katika somo hili. Walieleza kwamba maarifa mengi ya kazi hukaa kichwani na mikononi mwa mtu, na kwamba hupita kwa mwingine kwa kukaa pamoja na kufanya kazi pamoja, kisha ndipo yanapowekwa katika maneno. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walizijua njia zote mbili. Kijana alijifunza chomboni kwa kutazama. Ahmad ibn Majid, baharia wa upande wa Oman, aliandika kitabu kikubwa cha uongozaji wa vyombo mnamo mwaka 1490, na mafunzo mengine aliyatunga kwa mashairi ili yashikwe kwa moyo.

Wengi husimulia kwamba ibn Majid ndiye aliyemwongoza da Gama. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Wanaona rubani yule alikuwa mtu wa Gujarat. Waandishi wa Kireno wamemwita Malemo Cana au Canaqua. Malemo ni muallim, neno lile lile lililotupa sisi mwalimu, na zamani liliitwa kwa mwongozaji wa chombo. Canaqua nalo linaelezwa kuwa na maana ya mnajimu. Yaani walihifadhi cheo chake na kazi yake, jina lake likapotea.

Hapo ndipo tunapoona somo la vyuoni halitoshi. Linamfundisha meneja namna ya kuyabakiza maarifa ndani ya kampuni. Ni mara chache linapouliza mwenye maarifa amebakiwa na nini.

Swali hilo linatuhusu. Kila mwaka wanachama wa chama chetu humaliza masomo na kuondoka na wanachokijua. Nyumbani Guildford tuna wazee waliofanya biashara, waliosafiri, wanaojua methali ambazo sisi hatuzijui. Tukiwarekodi kwa saa moja na kuliweka faili kwenye kompyuta, tutakuwa tumewaazima tu. Tunapendekeza kwa wanachama na walimu wetu mambo mawili: tukae na mzee mpaka mmoja wetu aweze kulifanya jambo lile mwenyewe, na kila tunachokiandika tukiandikie jina la aliyetufundisha, kama mwenyewe ameridhia.