Senga Hakutia Sahihi

Kwa Waganda, senga ni shangazi, dada wa baba, na kazi yake haiishii kwenye salamu za sikukuu. Ndiye anayemkalisha binti chini kabla ya ndoa akamweleza yale ambayo mama mzazi huona haya kuyataja: mwili, mume, mimba. Kwa hiyo mwaka 2012, vijana watatu wa Makerere, Joshua Okello, Josiah Kavuma na Aaron Tushabe, walipounda kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni wakakiita WinSenga, mtu wa Kampala hakuhitaji kufafanuliwa. "Win" ilitoka kwenye Windows ya Microsoft, kampuni iliyoandaa mashindano waliyoingia. Senga ni senga.

Kifaa hicho kilianzia kwenye kitu ambacho mkunga yeyote anakijua kwa kukishika: kipembe cha Pinard, kilichobuniwa na daktari Mfaransa mwaka 1895. Kina umbo la faneli, mdomo mpana huku, kisahani cha sikio kule. Mkunga huinama, huukandamiza mdomo mpana kwenye tumbo la mama, hutega sikio upande wa pili, kisha huachia mkono ili mchakacho wa vidole usimchanganye. Hapo huanza kuhesabu, macho kwenye saa. Vijana wa Makerere walitia kipaza sauti ndani ya kipembe, wakakiunganisha na simu, simu ndiyo ikahesabu.

Kazi nzuri. Ila tazama majina. Kipembe ni cha profesa wa Paris, programu ni ya kampuni ya Marekani, wabunifu ni wanaume watatu. Mwanamke yumo kama tumbo linalopimwa, kama sikio la mkunga na kama jina la utani.

Mwaka uliofuata mambo yalinoga zaidi. Timu nyingine ya Kampala, Code 8, ilikwenda St. Petersburg, Urusi, kwenye mashindano yale yale ya Microsoft, na Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kumtoboa mtu kidole. Ilirudi na tuzo ya kuwawezesha wanawake. Walioipokea ni Brian Gitta, Joshua Businge, Simon Lubambo na yule yule Kavuma: wanaume wanne. Waamuzi walikuwa na hoja, kwani malaria huwaandama wajawazito kuliko watu wazima wengine. Nami siwabezi vijana hawa. Gitta mwenyewe alishachomwa sindano za kutosha kwa malaria, na mwaka 2018 alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Hakumfungia mtu mlango. Milango aliikuta imefungwa zamani.

Mlango wa kwanza uko pale pale kilimani Makerere. Chuo kilipoanza mwaka 1922 kilikuwa cha ufundi na cha wavulana peke yao, na kaulimbiu yake ilisema waziwazi: Tuwe wanaume. Wanawake sita wa kwanza walipoingia mwaka 1945, kaulimbiu ikawa kichekesho, ikabadilishwa. Tangu hapo, kwa kaulimbiu mpya, chuo kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Kitivo cha teknolojia kilikuja mwaka 1970, na madarasa yake yakajaa wanaume, maana msichana aliyefika kidato cha sita na fizikia na hisabati alikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1990 serikali iliamua kila msichana anayeomba nafasi chuo kikuu aongezewe alama 1.5. Zilizuka kelele, na hadi leo wapo wazee wanaoamini kuwa alama hiyo moja na nusu ilishusha hadhi ya Makerere. Lakini idadi ya wasichana ilipanda.

Mlango wa pili hauonekani, maana ni wa makaratasi. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya pekee juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu, siku hizi miaka 20. Zama za ukoloni, Uganda haikuwa na ofisi ya kuchunguza uvumbuzi wa mtu. Uliyetaka kulindwa Kampala ulipaswa kwanza upate hataza Uingereza, kisha uje na hati yako, ndani ya miaka mitatu, isajiliwe upya huku. Sheria haikutaja rangi ya mtu popote. Ya nini? Mfikirie fundi wa Katwe anayefua vyuma juani, amebuni namna mpya ya kukaza bawaba. Aandike maelezo kwa Kiingereza cha mawakili, achore michoro, alipe ada kwa pauni, amtafute wakala London. Bawaba yake ikawa mali ya kila mpita njia aliyeikagua vizuri.

Uhuru ulikuja 1962, Uganda ikajiunga na Mkataba wa Paris wa mali ya viwanda mwaka 1965, na bado njia ya hataza iliendelea kupitia London. Sheria ya kwanza iliyoipa nchi mfumo wake yenyewe ilipitishwa 1991. Weka tarehe mbili hizo pamoja: 1990 msichana anasogezewa darasa la uhandisi, 1991 Mganda anaweza kuomba hataza nyumbani kwake. Anayeshangaa kwa nini daftari la wavumbuzi lina wanawake wachache basi aanze kuhesabu kutoka hapo.

Kisha kuna Harare. Itifaki ya Harare ya mwaka 1982 iliipa ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la kanda, uwezo wa kupokea ombi moja kwa niaba ya nchi nyingi, Uganda ikiwemo. Wanaoitumia zaidi njia hiyo ni makampuni ya nje ya Afrika.

Marekani waliufunga mlango huo huo wa hataza bila kuficha. Mwaka 1858 mwanasheria mkuu wao aliamua kuwa uvumbuzi wa mtumwa hauwezi kupewa hataza: mtumwa si raia, na bwana wake si mvumbuzi. Mtumwa aliyezua swali hilo, Ned wa Mississippi, alikuwa amebuni chombo cha kupalilia pamba. Mwaka 1884 Judy Reed wa Washington, anayetajwa kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kupata hataza, alipata ya mashine ya kukandia unga. Pa kutia sahihi, aliweka X.

Turudi Kampala, kwenye koti moja. Olivia Koburongo aliona bibi yake akihamishwa hospitali hii hadi ile kabla haijajulikana kuwa ni nimonia, na ilipojulikana muda ulikuwa umekwisha. Wazo lake alimpelekea mhandisi mwenzake, Brian Turyabagye, wakaunda Mama-Ope, koti la mtoto lenye vihisio vinavyosikiliza mapafu na kupima joto, likatuma taarifa kwenye simu. Orodha ya Tuzo ya Afrika ya mwaka 2017 ilimtaja Turyabagye. Magazeti yaliyosimulia kwa kirefu yalimtaja Koburongo na bibi yake, ila vichwa vya habari vina nafasi finyu, na nimeona ni nani huachwa nje pakibana. Tuzo hiyo ilikuja kumpata mshindi wa kwanza mwanamke mwaka 2020, Charlette N'Guessan wa Côte d'Ivoire, na 2022 ikaenda kwa Norah Magero wa Kenya.

Duniani kote, wanawake wanaotajwa kuwa wavumbuzi kwenye maombi ya kimataifa ya hataza hawafiki mmoja kati ya watano. Hesabu hiyo inawagusa waliofika kwenye fomu. Ipo kazi isiyofika kabisa. MakaPads, taulo za hedhi alizobuni Dkt. Moses Musaazi wa Makerere kwa mafunjo ya kinamasi na karatasi, zilitengenezwa na wanawake, hata wakimbizi wa kambi ya Kyaka II. Tuseme mmoja wao, katika kuponda na kuanika mafunjo siku nzima, agundue namna ya kuyafanya yanyonye zaidi. Kwa desturi ya sheria za hataza, uvumbuzi wa mfanyakazi ndani ya kazi aliyoajiriwa huwa wa mwajiri, mkataba usiposema vingine.

Ila ule Mkataba wa Paris, ambao Uganda ilijiunga nao kabla wengi wetu hatujazaliwa, una kifungu kifupi ambacho mawakili hukipita haraka: mvumbuzi ana haki ya kutajwa kwa jina kwenye hataza, hata kama hataza yenyewe ni ya mtu mwingine. Ofisi ya usajili, URSB, iko Kololo. Kutoka Wandegeya, jirani na Makerere, ni boda boda moja.