Kala-azar Katika Kitui: Kumbukumbu kwa Wanachama

Ndugu wanachama na wazee wetu, katika taarifa ya mwaka huu tumeona yafaa kukumbusha habari ya maradhi yaliyoitesa nchi yetu, ili vijana wasije wakayasahau.

Mwaka 1952 kala-azar ilizuka kaskazini ya Kitui, katika upande wa Tseikuru. Mgonjwa alishikwa na homa ya majuma mengi, akakonda, akapungukiwa damu, na tumbo likafura kwa kuvimba bandama. Asiyetibiwa hakupona ila kwa nadra.

Wachunguzi walipofuata ugonjwa huo nyumba kwa nyumba, waliona kwamba uliandama miji iliyo karibu na vichuguu. Southgate na Oriedo waliandika habari hiyo mwaka 1962. Aletaye ugonjwa ni usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye mchana hujificha katika matundu ya kichuguu, na jua likichwa hutoka kutafuta damu.

Nasi twajua ni nani waliokuwa wakiketi hapo jioni. Ni wazee na vijana wao, wakiota moto thomeni. Mahali pale pale palipofundishwa sheria na adabu ndipo palipoingia mauti, wala mzee hakuwa na kosa, kwa maana hakuna aliyejua.

Huko Makueni, ambako zamani hizo kulikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, adui alikuwa mbung'o, auaye ng'ombe kwa nagana. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, vichaka vilifyekwa, mbung'o akakosa kivuli, watu wakapata makao. Lakini vichuguu vya Kitui havifyekeki kama vichaka. Ni vingi mno, tena mchwa hujenga upya.

Kwa hiyo ulinzi wetu umo katika desturi zetu wenyewe. Thome na iwekwe mbali na kichuguu, na watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ikipita majuma mawili, mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja tumbo livimbe. Siku hizi matibabu ya sindano huchukua siku 17, na wengi hupona.

Wazee, neno lenu lasikiwa thomeni kuliko tangazo lolote. Twawaomba mlinene.