Kutoka Tembe hadi Banda la Nguruwe: Hewa ya Ndani na Afya ya Wafugaji wa Karatu

Kabla ya ukoloni, Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walijenga tembe kwa kuchimba ubavu wa mlima, hata paa la udongo likakaribia kulingana na mteremko. Sababu yake ilikuwa ulinzi. Wamaasai wa upande wa Ngorongoro waliteka ng'ombe, na mfugaji aliona heri alale na mifugo kuliko kuipoteza. Masimulizi ya vita huishia hapo, yakiiacha gharama ya ulinzi huo.

Gharama hiyo ilikuwa hewa. Chini ya paa moja palikuwa na moto wa kuni, mkojo na samadi. Mkojo na samadi hutoa amonia, gesi inayochoma macho na koo. Moshi na vumbi la nyasi kavu huzidisha madhara katika mapafu. Nyumba iliyokusudiwa kufichika haikuweza kuwa na matundu mengi. Aliyeivuta hewa hiyo kwa muda mrefu zaidi ni mpishi na mzoa samadi, wala si mchungaji aliyeshinda malishoni.

Uvamizi ulipokoma chini ya wakoloni, Wairaqw walienea kaskazini hadi Karatu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya wengi vijijini, na nyumba za matofali na mabati zikaongezeka.

Nguruwe ameingia baadaye, na kwa njia yake tatizo limerudi. Huko Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilikuwa sehemu yake hadi miaka ya 1990, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta dalili za tegu katika asilimia 17.4 ya nguruwe waliochunguzwa. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha binadamu, hivyo wataalamu hushauri afungiwe. Ushauri ni sahihi, lakini banda lililozibwa pande zote kukinga baridi ya Karatu ni tembe kwa sura nyingine.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1977, Kelley Donham wa Iowa ameandika juu ya maradhi ya kifua ya watumishi wa mabanda yaliyofungwa. Hao hushinda humo kutwa, miongoni mwa mamia ya nguruwe. Mfugaji mdogo wa Karatu huingia kulisha na kufagia tu. Kwake, uwazi chini ya paa na sakafu yenye mteremko wa kuondoa mkojo hupunguza sehemu kubwa ya amonia, na nguruwe akabaki amefungiwa.