Dirisha na Mlima: Fungu Moja la Maneno Katika Nchi ya Meru

Nyumba ya asili ya Wameru ilikuwa ya mviringo, imeezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba, nayo ilikuwa na mlango tu. Mwanga uliingia humo mlangoni, na moshi ukapenya katika paa. Dirisha lilifika mlimani pamoja na majengo ya wageni: boma la Wajerumani lililojengwa Arusha mwaka 1900, na misheni ya Leipzig iliyoanzishwa Nkoaranga mwaka 1902.

Jina la kitu hicho halikutoka Ujerumani, bali pwani. Asili ya neno dirisha ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni mlango mdogo. Waswahili walikuwa wamekwisha kulitenga na majirani zake. Shubaka, ambalo kwa Kiarabu ndilo dirisha lenyewe, kwa Kiswahili limekuwa shimo la ukutani la kuwekea taa au vyombo. Na roshani, neno ambalo shina lake la Kiajemi lahusu nuru, limekuwa baraza ya ghorofani itokezayo nje. Kiingereza nacho kilipata neno "window" katika lugha ya kale ya Skandinavia, kwa maana ya jicho la upepo. Basi upande mmoja pana mlango, na upande wa pili pana jicho.

Waingereza waliuteka mji wa Arusha mwaka 1916, na katika utawala wao Kiingereza kikawa lugha ya shule za juu. Mwanafunzi wa mji huo aelezapo nyumba yao kwa Kiingereza, huenda akaandika kwamba dirisha "overlooks Mount Meru". Sarufi haina kosa; kosa ni la mahali. Kitenzi hicho chataka mwenye kutazama awe juu, na kitazamwacho kiwe chini. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na kilele cha Meru chapita mita 4,500. Dirisha haliwezi kuuinamia mlima. Mlima ndio uliinamiao dirisha. Hapo lafaa neno "faces". Lakini nyumba ikiwa mtelemkoni juu ya mji, na dirisha lake likielekea kusini, kitenzi kile cha kwanza chastahili kabisa.

Kiswahili hakidai juu wala chini. Dirisha huelekea mlima, na huelekea mji vile vile. Na nyumba mbili zikikabiliana husemwa kuwa zinatazamana. Kwa hiyo mfasiri aandikaye "lielekealo" mahali pote hakosei Kiswahili, ila ameupoteza mwinuko, na akitaka kuuhifadhi hana budi kuutaja: "dirisha lielekealo mji ulio chini yake".

Si haki, basi, fungu kama hilo kusahihishwa kwa kamusi peke yake. Yampasa mwalimu aulize kwanza nyumba yenyewe iko wapi.