Nani Alihesabu?

Mensen Ernst, baharia kutoka Norway, aliondoka Paris Juni 1832 akakimbia mpaka Moscow kwa siku 14. Ndivyo hadithi inavyosema. Niliisoma usiku mmoja nikiwa kitandani, nikaipenda kabisa, halafu nikafanya kosa la kufungua kikokotoo kwenye simu.

Ukichora mstari ulionyooka kutoka Paris hadi Moscow unapata karibu kilomita 2,480. Gawa kwa 14. Ni 177 kwa siku, zaidi ya marathoni nne, wiki mbili mfululizo. Na mstari wa ramani hauna mito wala matope, wala askari wa mpakani anayetaka kuona karatasi zako. Barabara yenyewe lazima ilikuwa ndefu zaidi.

Sasa mlinganishe na Yiannis Kouros, Mgiriki ambaye wengi wanaojua mbio hizi humtaja kwanza ukiwauliza nani bora. Mwaka 2005 huko Colac, Australia, alikimbia siku 6 akamaliza kilomita 1,036. Hiyo ni chini kidogo ya 173 kwa siku. Alikuwa anazunguka njia tambarare, chakula kiko kando, watu wa kumhudumia wapo, na siku ya sita ikiisha anaenda kulala. Ernst anatakiwa awe alimpita Kouros kwa siku zote 14, tena akijitafutia njia, chakula na pa kulala.

Nilisikia vibaya, kusema kweli. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya maksi zilizopotea. Mitihani miwili niliyoifanya, mmoja nikiwa na homa, kwenye mfumo ilionekana ati sikuwahi kuifanya. Kila ofisi ilinituma ofisi nyingine. Ile karatasi tuliyotia sahihi siku ya mtihani haikupatikana. Wanafunzi wa Kenya hawahitaji nieleze zaidi. Kwa hivyo mtu akiniambia fulani alifanya jambo fulani lakini ushahidi umepotea, mimi huwa nishaenda upande wake kabla hajamaliza kuongea.

Na Ernst hakuwa hewa. Alikuwepo, na alikimbia mbele ya watazamaji katika miji ya Ulaya. Lakini ile safari yake kubwa tunaijua hasa kupitia kitabu cha Kijerumani cha Gustav Rieck, kilichotoka Ernst akiwa bado hai. Ni aina ya kitabu ambacho sifa ndiyo biashara yake. Kinachokosekana ni mtu aliyesimama katikati ya njia na daftari.

Hebu mweke karibu na George Littlewood wa Sheffield. New York, 1888, ukumbi wa Madison Square Garden: maili 623 na robo tatu kwa siku 6. Ni karibu kilomita 1,004, yaani 167 kwa siku. Ukiiangalia haraka, hii nayo inanuka. Ukumbi ulijaa moshi wa sigara, viatu vilikuwa vya ngozi, na ilichukua miaka 96 mpaka Kouros akaivunja mwaka 1984. Nilipoiona mara ya kwanza nilisema hapa kuna mtu alipikwa hesabu.

Kumbe hapana. Mbio za wakati ule zilifanyika ndani ya ukumbi, kwenye njia iliyopimwa. Waliohesabu mizunguko walikaa kwa zamu usiku na mchana, idadi ikaonyeshwa ukumbini mbele ya kila mtu, na magazeti yakachapisha maili za kila mkimbiaji siku baada ya siku. Unaweza kuzifuata leo: hapa alilala, hapa mwendo ulishuka, hapa akaamka. Uongo wa siku 6 ni mgumu kuupanga namna hiyo, maana kila saa inabidi ikubaliane na iliyotangulia.

Halafu kulikuwa na kamari. Mchezo huu uliishi kwa kamari, na hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Sisi tunadhani pesa huharibu rekodi, na mara nyingi huharibu. Lakini mle ndani walikuwemo watu waliotaka Littlewood ashindwe, macho yao yako kwenye ubao, wakingoja mzunguko mmoja wa ziada ili walipuke. Mtu aliyeweka pesa dhidi yako atakuhesabia vizuri kuliko mama yako.

Ernst hakuwa na adui hata mmoja kati ya Paris na Moscow. Kwa hivyo, kwa uchungu, simwamini. Simwiti mwongo. Huenda alifika, kwa siku nyingi zaidi, na mtu mwingine akazipunguza. Safari yake ya mwisho alikuwa anatafuta chanzo cha Nile, anakuja huku kwetu, akafa karibu na Aswan Januari 1843. Ningependa sana angefika Jinja. Lakini hata angefika, si bado ningeuliza nani alimwona?

Juzi nilimpigia rafiki niliyefanya naye ule mtihani wa homa. Alianza kuniambia yuko tayari kunitetea popote. Nikamwambia asante, lakini wewe ni rafiki yangu. Ninachotaka ni namba ya yule jamaa wa meza ya mbele, yule tuliyegombana naye muhula mzima.