Maneno yale yale, uwanja mwingine

Mkulima wa Bariadi akikwambia "pamba yangu imeliwa na wadudu", utamjibu nini? Pengine utamuuliza kama alipiga dawa. Sasa mtunzi ayachukue maneno hayo hayo ayaimbe uwanjani. Hapo hakuna anayewaza dawa. Watu wanajiuliza: mdudu ni nani, na pamba ni ya nani?

Mwaka 1917, huko Urusi, Viktor Shklovsky aliandika kwamba sanaa hukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni, ili tukitazame upya. Wasukuma walikuwa na namna yao ya kulipima hilo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana baada ya mavuno, vikicheza kwa wakati mmoja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Yaani jaji ni miguu ya wasikilizaji: ukiimba kama unavyoongea sokoni, wanahamia kwa mwenzako.

Kwenye Kiswahili kipimo kilikuwa kingine. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kizuri kinachofundisha vina na mizani. Shida ni wale waliokigeuza kuwa ukuta. Kwa kipimo chao, ratiba ya basi la Bariadi kwenda Mwanza ikipewa vina na mizani 16 kila mstari, tayari ni shairi! Mtunzi wetu wa pamba anabaki nje.

Ndipo mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akatoa Kichomi. Humo hafuati kanuni hizo, na kwenye utangulizi anasema wazi kuwa anaijaribu lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wanamapokeo wakawaka: hayo si mashairi, ni kuiga Wazungu. Ubishi ulidumu miaka. Mimi naona waliotafuta chanzo Ulaya wangepita kwanza Usukumani msimu wa mavuno.

Leo mwanafunzi wa sekondari pale Bariadi anasoma mashairi ya kimapokeo na ya kisasa, yote halali. Wimbo wa bibi yake umewekwa sura nyingine, ya fasihi simulizi. Kama wewe ni mwalimu huko, mwache auimbe kwa Kisukuma kwanza, halafu liulize darasa ni neno gani limewachekesha, na kwa nini neno hilo hilo halikuwachekesha asubuhi wakiwa njiani.