Kabla ya Davenport: Deni la Waunga Mifupa

Kila ifikapo Septemba 18, wafuasi wa kairopraktiki hukumbuka siku ile ya mwaka 1895 mjini Davenport, Iowa, ambapo D. D. Palmer alimsukuma pingili ya mgongo mfagizi mmoja, Harvey Lillard, akadai amemrudishia usikivu. Hapo, wanasema, ndipo tiba yao ilipozaliwa. Dai hilo halina haja ya kubishaniwa sana. Palmer mwenyewe, katika kitabu chake cha 1910, alikiri kwamba hakuwa wa kwanza kurudisha pingili mahali pake. Alichojivunia ni namna yake ya kuzisukuma. Naye Andrew Taylor Still, aliyefungua chuo cha osteopathia, tiba nyingine ya kunyoosha viungo kwa mikono, mjini Kirksville mwaka 1892, kabla ya hapo alikuwa akijitangaza kuwa muunga mifupa wa kasi ya radi.

Waunga mifupa ndio wazee wa fani hii. Hippocrates ameshaandikiwa vya kutosha, na Sarah Mapp wa Epsom, aliyekuwa akiingia London kwa gari la farasi wanne mwaka 1736, hukumbukwa zaidi kwa vituko. Asiyesomwa ni Wharton Hood.

Katika miaka ya 1860 baba yake, daktari Peter Hood, alimtibu Richard Hutton, muunga mifupa wa London, bila kumtoza hata senti. Hutton akaona alipe fadhila kwa kumfundisha ufundi wake. Mzee hakuwa na nafasi, akaenda mwana, naye pia daktari. Aliyoyaona aliyachapisha katika jarida la Lancet mwaka 1871, Hutton akiwa ameshafariki.

Goti lililokakamaa lilikandwa kwanza kwa mbegu za kitani zilizopondwa, za moto, na kupakwa mafuta ya kwato za ng'ombe. Kisha Hutton alipapasa hadi akapata penye maumivu hasa, akapakandamiza kwa kidole gumba, akaukunja mguu, akauzungusha, na ghafla akautia nguvu. Ko! Mgonjwa aliambiwa mfupa umerudi, ainuke atembee.

Wala hapakuwa na mfupa uliotoka. Hood alieleza kuwa kilichokatika ni nyuzi zilizogandana ndani ya kiungo kilichokaa muda mrefu bila kazi. Maelezo ya Hutton yalikuwa mabovu, lakini wagonjwa walitembea, na wengi wao walikuwa wameshalazwa na kufungwa banzi na madaktari waliomcheka. James Paget, mpasuaji mashuhuri, alikuwa ameshawaasa wenzake mwaka 1867 waige mazuri ya watu hao. Hood yeye alikwenda kuketi karibu na fundi akatazama.

Kutoka kwa Robert, wa ukoo wa Hutton, ufundi ulimfikia John Atkinson, kisha Herbert Barker, ambaye hakusomea udaktari. Barker alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1922. Daktari F. W. Axham, aliyefutwa katika rejista mwaka 1911 kwa kuwapa wagonjwa wa Barker dawa ya usingizi, alifariki 1926 jina lake likiwa bado halijarudishwa.